Mama ana kisukari, mimi ni mwembamba. Je, kitanifikia?

Swali la msomaji: "Shikamoo daktari. Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 36, naishi Unguja. Mama yangu aligundulika na kisukari akiwa na miaka 48, na mjomba wangu amekatwa vidole vya mguu mwaka jana kwa ugonjwa huohuo. Babu mzaa mama alitoka Oman, upande wa baba ni watu wa Makunduchi, na mume wangu ana asili ya Kihindi. Mama mkwe naye ana kisukari. Mimi ni mwembamba, nina kilo 58 kwa urefu wa sentimita 160, ingawa tumbo limetoka tangu nimzae huyu wa mwisho, ambaye alizaliwa na kilo 4.3. Soda sinywi ila kwenye shughuli. Asubuhi ni chai na maandazi, mchana wali, usiku chapati au mkate. Wengine wananiambia kisukari ni cha damu, wengine wanasema ni chakula, na shangazi anasema ni ugonjwa wa Waarabu na Wahindi. Nani mkweli? Na kama ni cha damu, nijinyime wali wa nini?"

Marahaba, mwanangu. Pole kwa mjomba. Mtu akikatwa vidole, nyumba nzima huanza kujiuliza nani anafuata, na naona swali hilo umelibeba peke yako.

Nianze na lile la mwisho, maana nimelisikia mara nyingi kliniki, na aghalabu kutoka kwa mtu aliyekuja amechelewa: kama ni cha damu, nijinyime cha nini? Mwaka 2002 yalitangazwa Marekani matokeo ya utafiti wa watu 3,234 ambao sukari yao ilikuwa imeanza kupanda lakini haijafika kisukari. Karibu nusu yao walikuwa Wamarekani weusi, Walatino, watu wa asili ya Asia na wenyeji wa asili wa nchi ile. Kundi moja lilisaidiwa kubadili chakula, kupunguza uzito kwa asilimia 7 hivi na kutembea dakika 150 kwa wiki. La pili lilipewa vidonge vya metformini, dawa ya kisukari, la tatu vidonge visivyo na dawa ndani. Chakula na mwendo vilipunguza hatari ya kisukari kwa asilimia 58, metformini kwa asilimia 31.

Wengi huishia hapo kusimulia. Mimi nataka twende hadi mwaka 2006, watafiti walipochunguza vinasaba, yaani chembe za urithi, vya watu walewale. Walikuwa wanatafuta kinasaba kinachoitwa TCF7L2, ambacho miongoni mwa vinasaba vya kawaida vya kisukari cha aina ya pili, hiki kinachowapata zaidi watu wazima, ndicho chenye nguvu kuliko vyote. Katika kundi lililopewa vidonge vitupu, waliorithi nakala ya hatari kutoka kwa baba na kwa mama waliingia kwenye kisukari kwa kasi iliyowazidi wasiokuwa nayo kwa asilimia 80 hivi. Katika kundi la chakula na mwendo, tofauti hiyo ilishuka ikawa asilimia 15, kiasi ambacho kwa hesabu za kitakwimu huwezi kukitofautisha na bahati tu. Kinasaba kilikuwa palepale mwilini mwao. Kilichokosekana ni mazingira ya kukisaidia.

Ndiyo maana wewe, mwenye mama na mjomba wagonjwa, una sababu kubwa zaidi ya kuangalia sahani yako kuliko jirani ambaye ukoo wake hauna historia hiyo. Watu wanaigeuza hoja hii kichwa chini miguu juu, na inawagharimu.

Sasa tuiangalie damu yenyewe. Mzazi mmoja akiwa na kisukari cha aina ya pili, mtoto wake ana uwezekano wa takriban asilimia 40 wa kukipata katika maisha yake. Wazazi wote wawili wakiwa nacho, hupanda kufikia kama asilimia 70. Ni namba kubwa, sitaki kukuficha. Lakini isome na upande wa pili: katika watoto 100 wa mama kama wako, 60 hivi wanazeeka bila kisukari. Na katika hao 40 wamo wengi waliorithi na jiko la mama yao, si damu yake peke yake: kipimo cha sukari kwenye chai, ukubwa wa upawa wa wali, na desturi kwamba mgeni asipoongezwa mara tatu hajakirimiwa.

Hakuna kinasaba kimoja cha kisukari cha aina hii. Mwaka 2024 watafiti waliunganisha taarifa za watu zaidi ya milioni 2.5 kutoka asili mbalimbali za dunia, wakapata sehemu zaidi ya 600 za vinasaba zinazohusika. Kila moja inaongeza au kupunguza hatari kidogo sana. Nyingine zinagusa kongosho, kile kiungo kilicho nyuma ya tumbo la chakula, kinachotoa insulini. Mtu akizaliwa na kongosho lenye akiba ndogo, litachoka mapema likitumikishwa. Nyingine zinaamua mafuta ya mwili yahifadhiwe wapi, chini ya ngozi au ndani kwenye ini. Insulini ndiyo inayoifungulia sukari mlango itoke kwenye damu iingie kwenye misuli na ini. Ini na misuli vikijaa mafuta, mlango unakuwa mgumu, kongosho linalazimika kutoa insulini nyingi zaidi, na siku likishindwa, sukari inabaki kwenye damu. Huo ndio ugonjwa wa mama yako.

Neno moja kuhusu vipimo vya vinasaba vinavyouzwa mtandaoni: usitoe pesa yako. Sehemu kubwa ya utafiti wa vinasaba umefanywa kwa watu wa asili ya Ulaya, na hesabu zilizotengenezwa kwao hazimsomi sawasawa mtu wa Afrika. Mwaka 2019, utafiti wa watu 5,231 wa Nigeria, Ghana na Kenya uligundua sehemu ya kinasaba iitwayo ZRANB3 inayoongeza hatari kwa Waafrika, ambayo tafiti za Wazungu hazikuwa zimeiona. Kipimo bora cha vinasaba ulicho nacho ni wazee wako. Kaa na mama yako, umuulize nani katika ukoo alikuwa nacho, alianza akiwa na umri gani, alikuwa mnene au mwembamba, nani alizaa watoto wakubwa kupita kiasi, nani alipofuka uzeeni au alikuwa na kidonda kisichopona. Andika. Karatasi hiyo mpe daktari atakayekupima.

Nani basi anaamua kama damu hiyo italeta ugonjwa? Kuna kabila la wenyeji wa asili wa Marekani, Wapima, ambao mpaka ulipochorwa kati ya Marekani na Meksiko walijikuta pande mbili. Wale wa Arizona walipoteza maji ya mto Gila karne ya 19 walowezi walipoyachepusha kwenda kwenye mashamba yao. Kilimo chao kikafa, wakaishia kuishi kwa unga mweupe, mafuta na sukari. Ndugu zao wa Meksiko walibaki milimani, wakilima kwa mikono mahindi na maharage. Mwaka 2006 matokeo ya kuwapima yalichapishwa: upande wa Marekani wenye kisukari walikuwa asilimia 38, upande wa Meksiko asilimia 6.9. Damu ni ya babu mmoja. Lakini ona pia kwamba majirani wa Meksiko wasio Wapima walikuwa na asilimia 2.6. Vinasaba vinaweza kuwa na mchango hata pale milimani. Ni mdogo tu ukilinganisha na yale yaliyotokea Arizona.

Usidhani hayo ni ya mbali. Mwaka 1989 yalichapishwa matokeo ya kupima watu 6,097 katika vijiji sita vya Tanzania Bara. Waliokutwa na kisukari walikuwa 53, hawafiki mtu mmoja katika mia. Mwaka 2012, utafiti wa kitaifa wa watu wa miaka 25 hadi 64 ulikuta asilimia 9.1. Tafiti hizi hazifanani moja kwa moja, kwa kuwa ule wa pili uliingia na mijini na umri wa watu haukuwa sawa, lakini hata ukipunguza kwa sababu hizo, pengo linabaki kubwa mno. Na miaka 23 haitoshi kubadili vinasaba vya taifa. Hata kwa babu yako ni hivyohivyo. Oman ya mwaka 1970 ilikuwa na kama kilomita 10 tu za barabara ya lami, watu wakitembea kwa miguu na punda, chakula kikiwa tende, samaki na mkate. Mwaka 2000, watu wazima 11.6 katika kila 100 walikuwa na kisukari. Kilichobadilika katika miaka 30 ni gari, mchele, soda na kukaa kitako.

Hapo ndipo shangazi yako anapokosea, ingawa jambo aliloliona ni la kweli. Asili ya mtu haimpi kisukari, ila inabadilisha kizingiti. Mwaka 2021 ulichapishwa utafiti wa watu karibu milioni moja na nusu wa Uingereza, nao uliuliza swali zuri. Tuna kipimo cha BMI: uzito kwa kilo, unaugawa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mzungu akifika BMI 30 anahesabiwa kuwa na unene wa hatari. Je, watu wa asili nyingine wanafikia hatari ileile ya kisukari wakiwa na BMI ngapi? Mtu mweusi, 28.1. Mwarabu, 26.6. Mwenye asili ya Bara Hindi, 23.9.

Nikuwekee kwa kilo, kwa urefu wako wa sentimita 160. Mwanamke wa Kizungu anaifikia hatari hiyo akiwa na kilo 77 hivi. Mweusi kilo 72. Mwarabu kilo 68. Mwenye asili ya Kihindi kilo 61 tu. Kati ya wa kwanza na wa mwisho kuna kilo 16, na mtaani huyo wa kilo 61 anasifiwa kwamba ana umbo zuri. Hiyo ndiyo sababu siwezi kukupa pumzi kwa kuwa umeniambia wewe ni mwembamba. Wewe BMI yako ni 22.7. Kwa vipimo vya Ulaya uko salama kabisa, lakini kwa Wamarekani wenye asili ya Asia ushauri wa sasa ni kuanza kupima sukari mtu akifika 23, kama ana sababu nyingine yoyote ya hatari.

Kwa nini iwe hivyo? Watu wa Bara Hindi kwa wastani wana misuli michache kwa uzito uleule, na mafuta yao huelekea ndani ya tumbo na kwenye ini. Huko Pune, India, walipima watoto wachanga wakakuta ni wadogo kuliko wa Uingereza lakini mafuta yao ya mwili yako karibu sawa. Kilichopungua ni nyama. Sisi wenye asili ya Afrika kwa kawaida mafuta mengi hukaa chini ya ngozi, na ini huwa na mafuta kidogo kuliko la Mhindi wa uzito huo. Hilo ni jema. Lakini wapo Waafrika wengi wanaopata kisukari wakiwa wembamba kwa sababu kongosho lenyewe limelegea mapema, na baadhi yao walikulia kwenye njaa. Mwaka 2025 Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikubali rasmi kuwa kipo kisukari cha utapiamlo, wakakiita aina ya tano. Kwa hiyo imani kwamba kisukari ni ugonjwa wa wanene iache kabisa.

Tena usichukulie majina haya ya asili kama muhuri. Utafiti uliochapishwa mwaka 1991 uliwapima Wahindu wa Dar es Salaam jamii kwa jamii, na ukakuta zinatofautiana sana kwa kisukari ingawa mtaani wote tunawaita Wahindi. Ukisema Mwafrika ndiyo umesema jambo pana zaidi, maana bara hili lina tofauti nyingi za vinasaba kuliko dunia nzima iliyobaki. Na wewe una Oman na Makunduchi ndani ya mwili mmoja. Jedwali lile la Uingereza halina safu yako.

Kwa mtu kama wewe mimi hutumia kamba. Chukua kamba, simama ukutani, mtu akukatie urefu wako kuanzia kisigino hadi utosini. Ikunje mara mbili. Sasa izungushe kiunoni, katikati ya mbavu za chini na mfupa wa nyonga, ukiwa umepumua kawaida bila kuvuta tumbo ndani. Ncha zikikutana, kiuno chako hakijazidi nusu ya urefu. Zisipokutana, mafuta yameshaanza kukaa pabaya hata kama mizani inakusifu. Kwako nusu ni sentimita 80. Umeniambia tumbo limetoka. Nenda kapime leo, kabla ya kumaliza kusoma ukipenda.

Halafu kuna jambo uliloliandika kwa kupita, na mimi likanisimamisha: mtoto wa kilo 4.3. Mtoto akizidi kilo 4, tunajiuliza kama mama alikuwa na kisukari cha mimba ambacho hakikupimwa. Sukari ya mama inapita kwenye kondo, kongosho la mtoto linatoa insulini nyingi, naye ananenepa tumboni. Wapo wanawake warefu, wenye afya, wanaozaa watoto wakubwa bila kisukari, kwa hiyo siwezi kukuhukumu kwa kilo peke yake. Lakini mwanamke aliyewahi kupata kisukari cha mimba ana hatari karibu mara kumi ya kupata kisukari cha kudumu kuliko aliyebeba mimba bila kukipata. Tafuta kadi yako ya kliniki ya mimba ile. Kama sukari haikupimwa, hilo ni jambo la kumwambia daktari, na mimba nyingine ikija upimwe mapema, kisha tena kati ya wiki ya 24 na 28.

Sasa chakula, na hapa nitakaa kidogo kwa kuwa ndipo mkono wako unapofika.

Soda hunywi, hongera. Ila hukuniambia chai yako ina vijiko vingapi. Tuseme ni vitatu, na unakunywa vikombe vitatu kwa siku. Hivyo ni vijiko tisa, kama gramu 36. Chupa ya soda ya mililita 300 ina gramu 32 hivi. Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2015 linashauri sukari ya kuongeza isizidi asilimia 10 ya nguvu ya chakula cha siku, na ni bora zaidi ikiwa chini ya asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima ni gramu 25, vijiko sita. Kwa hesabu hiyo chai yako imeshapita chupa nzima. Sharubati ya embe na maji ya miwa hesabu kapu hilohilo. Tunda lenyewe ukilitafuna ni jingine: lina nyuzinyuzi, linakushibisha, na huwezi kula maembe manne kwa dakika moja kama unavyoweza kuyanywa. Tafiti zilizounganishwa na kuchapishwa mwaka 2010 zilionyesha kwamba wanaokunywa kinywaji kimoja au viwili vya sukari kila siku wana hatari ya kisukari iliyozidi kwa asilimia 26 ya wale ambao karibu hawanywi.

Punguza nusu kijiko kila wiki. Ulimi unazoea, nimeliona hilo kwa watu waliokuwa wakiapa kwamba chai bila sukari ni dawa ya minyoo.

Kisha angalia siku yako yote: maandazi ni unga mweupe uliotiwa sukari na kukaangwa, wali ni mchele mweupe, chapati ni unga mweupe na mafuta. Ukiacha sukari ya andazi, hujala kijiko cha sukari hapo, lakini mwili wako umepokea wanga laini mara tatu, na wanga laini ni sukari iliyofungwa vibaya; tumbo linaifungua kwa dakika chache. Nafaka ikikobolewa, inavuliwa ganda na kiini, yaani inavuliwa nyuzinyuzi nyingi zilizokuwa zikiichelewesha. Ni tofauti ileile ya sembe na dona kwa wenzetu wa Bara. Uchambuzi wa mwaka 2012 ulikuta kila sahani ya ziada ya wali mweupe kwa siku inaambatana na hatari iliyozidi kwa asilimia 11, na uhusiano huo ulikuwa mzito zaidi Asia, ambako watu wanakula kiasi cha sahani tatu au nne za wali kwa siku.

Usiuache wali. Sijawahi kumwambia Mzanzibari aache wali akanisikiliza zaidi ya wiki mbili. Ninachotaka ni wali utoke kwenye kiti cha enzi. Tatizo moja la kwetu ni sinia: mnakula watu watano, mchuzi kati, na hakuna ajuaye amekula kiasi gani. Kwa miezi michache jitilie kwenye sahani yako. Nusu yake iwe mboga, mchicha, bamia, bilingani, kachumbari yenye ndimu. Robo iwe samaki au kunde. Robo iliyobaki ndiyo ya wali, kama ngumi yako. Anza kula mboga na samaki, wali uje mwisho. Tafiti ndogo zimeonyesha mpangilio huo peke yake hupunguza sukari inayopanda baada ya chakula, na haukugharimu hata shilingi.

Asubuhi tayari mna jambo zuri mkononi. Mbaazi za nazi ni miongoni mwa vyakula bora vya pwani yetu: protini, nyuzinyuzi, na wanga unaotoka polepole. Kinachoiharibu ni andazi la tatu na la nne. Bakuli la mbaazi na andazi moja, tui jepesi, basi. Muhogo, majimbi na viazi vitamu vya kuchemsha vina nafuu kidogo kuliko unga mweupe, lakini navyo ni wanga. Usiviweke pembeni ya wali ukaviita mboga, kama ninavyoona kwenye sahani nyingi. Na futari ya Ramadhani naomba uifikirie peke yake. Mwili umepumzika mchana kutwa, kisha ndani ya saa moja unapokea uji mtamu, kaimati, tambi za sukari na sharubati. Tende na maji, swala, kisha chakula chenye samaki na mboga: ni utaratibu ambao wazee wetu wengi walikuwa nao kabla meza hazijawa ndefu hivi.

Kuhusu mwendo sina mengi, kwa kuwa unajua. Msuli unaofanya kazi unavuta sukari kutoka kwenye damu hata insulini ikiwa dhaifu, kwa hiyo dakika 15 za kutembea kila siku baada ya chakula cha usiku zina thamani kuliko saa nzima ya Jumamosi. Shuka daladala kituo kimoja kabla.

Sasa vipimo. Wewe usingoje dalili, maana kisukari cha aina ya pili huweza kukaa miaka bila kuonyesha chochote. Makadirio ya mwaka 2021 yalikuwa watu wazima milioni 24 wenye kisukari barani Afrika, na zaidi ya nusu yao hawajui. Nenda asubuhi ukiwa hujala kwa angalau saa 8, maji tu unaruhusiwa. Sukari ikiwa chini ya 6.1 (milimoli kwa lita) ni kawaida. Kati ya 6.1 na 6.9 ni ile hali ya mpakani. Kuanzia 7.0 ni kisukari, na kama huna dalili kipimo kirudiwe siku nyingine kuthibitisha.

Pengine watakupima na HbA1c, kile kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi mitatu. Kuanzia asilimia 6.5 ni kisukari. Ni kipimo kizuri, lakini hapa asili yetu inaingia tena kwa mlango wa nyuma, na nasikitika kwamba halisemwi vya kutosha. Kipimo hicho huhesabu sukari iliyonata kwenye chembe nyekundu za damu katika maisha yao ya miezi mitatu hadi minne hivi. Malaria iliwaachia wazee wetu vinasaba vya kujikinga: cha selimundu, na kile cha upungufu wa kimeng'enya cha G6PD. Mwenye G6PD ya namna ile ya Kiafrika, chembe zake hufa mapema, sukari haipati muda wa kunata, na kwa wanaume wenye kinasaba hicho HbA1c husoma chini ya ukweli kwa karibu 0.8. Mwenye kinasaba kimoja cha selimundu, ambaye si mgonjwa kabisa, naye husoma chini kwa kama 0.3. Mtu ana 7 ya kweli, karatasi inasema 6.2, anarudi nyumbani amefurahi. Kwa hiyo kama katika ukoo wenu kuna selimundu, au mtoto aliyewahi kuishiwa damu ghafla baada ya dawa fulani, mwambie daktari, na majibu ya HbA1c yalinganishwe na sukari ya asubuhi. Upungufu wa madini ya chuma, ambao akina mama wanao wengi, huweza kuisukuma HbA1c upande wa pili, juu.

Ukikuta uko sawa, rudia kila mwaka. Mwongozo wa jumla unaruhusu hadi miaka mitatu, lakini kwa mama, mjomba, tumbo na mtoto wa kilo 4.3, mimi ningechagua mwaka.

Watoto usiwapeleke kupimwa vinasaba wala usiwatishe. Wanakula mnachopika, wakikua kwenye sahani yenye mboga, watakuwa wamepata urithi mwingine. Isipokuwa mtoto akianza kunywa maji mfululizo, kukojoa sana au kuanza tena kukojoa kitandani, na kukonda, hiyo huweza kuwa aina ya kwanza, ambayo haihusiani na wali wala sukari. Mpeleke siku hiyohiyo, usingoje kesho.

Na siku ya kwenda kupima, usiende peke yako. Hukuniuliza habari za mume wako, lakini yeye ndiye ningependa kumwona zaidi. Mama yake ana kisukari, na asili yake ndiyo yenye kizingiti cha chini kuliko zote nilizokutajia: kama ana sentimita 170, kilo 69 kwake ni sawa na kilo 87 kwa Mzungu. Mfunge kamba kiunoni jioni hii.